Kivuli Kikilingana na Kimo

Maneno niliyowaambia vijana wapiga picha, Dodoma, mwisho wa Oktoba

Mwenyekiti, wazee wa studio mlioacha kazi zenu kuja hapa, vijana, na akina mama mliotuchemshia chai: wakubwa shikamooni, wadogo habari za mchana.

Nilikuja na picha 9. Mwenyekiti alinipigia simu akasema, "Tusimulie ulivyozunguka Mombasa, na utuoneshe ulichopata." Nikazipanga vizuri kwenye flashi. Sasa projekta imegoma, fundi anaipulizia vumbi tangu saa nane, na nyinyi mmekaa mnanitazama. Haidhuru. Mpiga picha asiyeweza kusimulia picha yake bila kuionesha, labda hakuiona vizuri alipokuwa anaipiga. Kwa hiyo leo mtaona kwa masikio, na fundi akifanikiwa tutashukuru.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa harusi. Harusi, kipaimara, mahafali, na wakati mwingine misiba. Kwa miaka 11 kazi yangu imekuwa kwenda ninakoitwa na kupiga ninachoambiwa. Bibi harusi akisema "piga viatu", napiga viatu. Kuamka asubuhi katika mji nisioujua, kamera begani, bila mtu wa kuniambia nielekee wapi, hilo sikuwahi. Mwanzoni mwa mwezi huu likanitokea. Binti wa mjomba wangu alikuwa anaolewa Mombasa siku ya Jumamosi, mimi nikafika Jumatano usiku. Ijumaa ilikuwa ya shughuli za familia. Alhamisi yote ikawa yangu.

Niliingia Mombasa kwa njia ya watu wa kwetu: basi la Tanga, mpaka wa Horohoro, upande wa pili Lungalunga, kisha Ukunda, na mwisho kivuko cha Likoni. Pale abiria tulishuka, tukavuka kwa miguu pamoja na umati. Nilipoona taa za kisiwa zinatetemeka juu ya maji, mkono ukaenda kwenye begi wenyewe. Jamaa aliyekuwa kando yangu akanigusa bega: "Hapa hapana picha, ndugu." Alikuwa na haki, kivukoni picha zimekatazwa, na bandari ya kale vilevile. Mkifika mji mgeni, jambo la kwanza kuuliza ni wapi hairuhusiwi. Mtajiokolea siku nzima ya kueleza mambo kwa askari.

Lakini nina la kuwachekesha. Hapo hapo karibu na kivuko, miaka ya 1990, palikuwa na vibanda vya wapiga picha vimepangana. Mtu aliyetoka bara kutafuta kazi Mombasa alisimama mbele ya pazia lililochorwa meli kubwa, ndege au maghorofa, kukiwa na maua ya plastiki pembeni, akapigwa picha, akaituma nyumbani waone kwamba amefika. Bahari yenyewe iko nyuma ya kibanda, na mteja anataka bahari ya rangi. Nimewaza sana juu ya wateja wale. Siku hizi tunawacheka, halafu tunasafiri kilomita mia kadhaa kwenda kupiga picha ile ile tuliyokwisha kuiona kwenye simu.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana ndiyo iliyonifundisha yote nitakayoyasema.

Oktoba Mombasa kuna joto la kunata. Gesti niliyofikia ilikuwa na kiyoyozi, na mimi mtu wa Dodoma nisiyekizoea nikakiweka nyuzi 18, nikalala kama samaki sokoni. Saa 11:15 alfajiri niko juu, saa 11:40 niko kwenye tuktuk kuelekea Mama Ngina, ule ufukwe wa mibuyu mikubwa ambako meli hupita karibu zikiingia bandari ya Kilindini. Mahali nilikuwa nimepachagua vizuri. Jua lilikuwa lichomoze saa 12 na dakika kama 6. Nikakaa juu ya ukuta, upepo mzuri, bahari imetulia, kusi limekwisha kupunguza nguvu. Mbali kidogo mtumbwi wenye watu wawili, mmoja anapiga kasia, mwingine anavuta nyavu. Nyuma yao mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Nikafungua begi. Nikatoa kamera. Nikaweka jicho.

Maziwa.

Nikafuta lenzi kwa pindo la shati. Ikaonekana nusu sekunde, ukungu ukarudi. Nikafuta tena, ukarudi tena, kama jasho la mgonjwa wa homa. Mnajua kwa nini? Kamera ilikuwa baridi kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na hewa ya pwani imejaa maji. Hewa ile ikigusa kioo baridi, maji yake yanabaki juu ya kioo. Hapa kwetu hewa ni kavu, nimefanya kazi miaka 11 sijawahi kukutana na kitu hicho. Na mkiifuta kwa pindo la shati, kama mimi, mnaongeza mafuta juu ya maji.

Nilikaa pale na kamera juu ya paja, nikaitazama asubuhi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, kwa macho tu. Meli ikaja. Mtumbwi ukapita katikati ya njia ya jua, yule mvuvi akasimama, akanyoosha mgongo. Lenzi ilipokauka ilikuwa karibu saa 12:40. Mwanga ulishakuwa mweupe, mtumbwi ulishaondoka.

Dawa yake ni rahisi mno. Usiku, zima kiyoyozi au acha begi mahali ambapo baridi yake haifiki. Kama umesahau, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka chumbani, toka nayo, na usiufungue mpaka ipate joto la nje. Maji yatabaki juu ya plastiki.

Lakini nilipokuwa nimekaa juu ya ukuta ule nikijitukana, nilianza kupiga hesabu. Sote hapa tumejifunza kwa video za watu wa Ulaya na Marekani. Wanatuambia tungojee "saa ya dhahabu", saa nzima baada ya jua kuchomoza na saa nzima kabla halijazama. Mimi nilikuwa nimechelewa dakika 34 tu. Saa yangu ya dhahabu ilikwenda wapi?

Haikuwapo. Jua linazunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kila saa. Huku kwetu karibu na ikweta linapanda wima, kama mtu anayekwea mnazi. Kule kaskazini linapanda kwa mshazari, kama mtu anayepanda kilima na baiskeli. Ule mwanga wa rangi ya asali unakuwapo jua likiwa halijapita digrii 6 hivi juu ya upeo wa macho. Pigeni hesabu: digrii 6 kwa mwendo wa 15 kwa saa ni dakika 24. Basi. Hiyo ndiyo dhahabu yetu, dakika 24 asubuhi na dakika 24 jioni. Na mkitaka kujua kwa nini wenzetu wanasema saa nzima, London mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri linafika digrii 15 tu. Juu kabisa, ndiyo hapo! Yaani jua lao la saa sita mchana wakati huo ni jua letu la saa moja asubuhi.

Nilipojisikia nikisema "saa moja asubuhi" nikanyamaza kidogo. Saa moja. Kwa nini tunaiita moja? Kwa sababu ni saa moja tangu jua lichomoze. Ndugu zangu, tumekuwa na saa ya mpiga picha mdomoni tangu utotoni, tukaiona ni ushamba mbele ya saa ya simu. Mzungu akisema "seven o'clock", namba hiyo haimwambii chochote kuhusu jua. Mswahili akisema saa moja, amekwisha kukuambia jua liko digrii 15. Saa mbili, digrii 30. Saa tatu, 45, na hapo kivuli chako kina urefu sawa na wewe. Saa sita liko utosini. Zidisha kwa 15, umemaliza. Haikai sawa kabisa kila mwezi na kila mji, nitalisema hilo mwishoni, lakini kwa Mombasa siku ile ilikaa kama kifuniko na sufuria yake.

Nikashuka ukutani nikaenda kutafuta mahamri na mbaazi za nazi. Hayo sitayasimulia, kuna watu humu hawajala tangu asubuhi.

Saa mbili na kidogo nilikuwa kwenye ngome ya kale, wenyewe wanaiita Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, mchoro ukiwa wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe. Waomani waliizingira tangu Machi 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Baadaye Waingereza wakaifanya gereza mpaka 1958, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ukuta wa upande wa bahari unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi ndiyo zamu yake. Nilipiga mizinga, nilipiga kuta, nilipiga bahari kupitia matundu ya mizinga. Picha safi. Zote zinapatikana kwenye kalenda yoyote.

Kitu kimoja kilinishika mguu pale. Ndani kuna ukuta wenye michoro ya askari na mabaharia wa Kireno, wamechora meli, samaki, watu, majengo. Mchoro wa mtu aliyechoka, hana kazi, yuko mbali na kwao, ana kipande cha mkaa mkononi. Hakuna aliyewalipa kuchora. Nilikaa mbele ya meli moja muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya mizinga yote.

Halafu nikaingia Mji wa Kale. Barabara yake kuu inaitwa Ndia Kuu. Msiseme wamekosea kuandika, ni Kimvita hicho, Kiswahili cha Mombasa, njia kwao ni ndia. Kumbukeni hilo, linakuja kuniumbua.

Nyuma ya Ndia Kuu kuna vichochoro vya kupishana watu wawili, wa tatu ajibanze ukutani. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, juu roshani za mbao zenye nakshi za mafundi wenye mkono wa Kihindi. Katika kichochoro kimoja nikaona mlango. Mlango wa mabawa mawili, mfaa, ule mti wa katikati, umechongwa kwa maua kutoka juu hadi kizingitini, miimo yake nayo imejaa mnyororo na majani. Ilikuwa kama saa tatu u nusu. Nikapiga picha ishirini na kitu. Nikatazama kwenye skrini: mbao tambarare, kama picha ya karatasi ya ukutani. Nikabadilisha lenzi. Karatasi ile ile.

Pembeni ya mlango palikuwa na baraza ya mawe, na juu yake mzee wa kanzu na kofia, mkeka chini yake, kikombe kidogo cha kahawa mkononi. Alikuwa ananitazama muda wote. Akasema: "Ndoo."

Nikaangalia huku na huku. Nikafikiri nimeikanyaga, au anataka nimsogezee. Nikamwambia, "Mzee, ndoo siioni."

Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Njoo, kwao ni ndoo! Alikuwa ananiita. Nikamwamkia, nikakaa pembeni ya mkeka, na kwa kucheka kule tukawa tumekwisha kujuana.

"Wafanyani?" akaniuliza. Nikamwambia napiga picha mlango huu. Akasema, kwa lafudhi ambayo nikiigiza nitaiharibu: huu mlango saa hizi umelala. Rudi jua likija kunifukuza hapa.

Sikumwelewa, akanieleza. Yeye si mpiga picha, hajawahi kushika kamera. Lakini amekaa juu ya baraza ile miaka na miaka, na kazi ya mtu wa barazani ni kufuata kivuli. Asubuhi nyumba ya mkabala inamkinga, anakaa pale. Ikifika saa tano hivi jua linapanda juu ya paa la jirani, linashuka ukutani kwake, anakunja mkeka anahamia upande wa pili. Baada ya adhuhuri jua limevuka, ukuta wake unajikinga wenyewe, anarudi. Mzee ana ramani ya mwanga wa mtaa mzima, ameiandika kwa makalio, naomba radhi mbele ya wazee.

Basi nikazunguka, na saa 5:15 nikarudi. Kweli, alikuwa amehama. Na mlango, jamani. Sikilizeni, maana hapa ndipo video zetu zinapotupoteza. Tunaambiwa mchana ufunge kamera ukalale, mwanga wa utosini ni mbaya. Ni mbaya kwa uso wa mtu uwanjani, unampa matundu meusi badala ya macho. Lakini ukuta haulali, ukuta umesimama. Jua likiwa karibu na utosi, mwanga wake unateleza juu ya ukuta kutoka juu kwenda chini, unaukwaruza. Kila jani lililochongwa linatupa kivuli chake chini yake. Kila ua linainuka. Mlango ule ule uliokuwa karatasi, sasa ungeweza kuweka kidole kwenye kila tundu. Nilipiga picha 14, nikabaki na 1. Hiyo ndiyo ilikuwa iwe ya kwanza kwenye projekta.

Na dakika zake nazo ni chache. Kufikia saa sita na dakika 10 jua lilikuwa juu kabisa; mwanzoni mwa Oktoba linapita karibu sawasawa utosini mwa Mombasa. Nikasimama katikati ya kichochoro, nikatafuta kivuli changu. Hakipo. Kilikuwa chini ya viatu.

Adhana ya adhuhuri ikaita, mzee akaenda msikitini. Mji ule una misikiti ya siku nyingi. Ule wa Mandhry, wenye mnara mweupe unaochongoka kwenda juu, husemwa ni wa karne ya 16. Mimi nikakaa kivulini nikamkumbuka msafiri mmoja aliyepita Mombasa mwaka 1331, Ibn Battuta. Unajua alikaa muda gani? Usiku mmoja. Siku moja ya matembezi, kama mimi. Na aliandika nini? Kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Kwamba misikiti yao ni ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Kwamba mlangoni pa msikiti kuna kisima kifupi na chombo cha mbao chenye mpini mwembamba, na mtu akitaka kuingia huosha miguu, kisha huisugua kwenye mkeka mnene. Mkeka! Karibu miaka 700 imepita, na ile miguu inayosuguliwa kwenye mkeka bado unaiona. Hakuwa na kamera. Ila aliangalia chini, pale ambapo mgeni mwingine angeangalia mnara.

Mchana nilikwenda Moi Avenue nikapiga zile pembe kubwa za ndovu zinazopishana juu ya barabara. Ni za bati la alumini, msije mkadhani. Nilizipiga kwa sababu mama yangu angeniuliza. Nikapita Biashara Street kwenye maduka ya leso, yaani kanga, na huko nikapata somo dogo: muuzaji alikuwa ametandaza leso nyekundu mbele ya jua, uso wake wote ukatoka mwekundu kama aliyepakwa rangi. Kitambaa chenye rangi kikipigwa na jua ni taa. Wenye harusi za mahema ya rangi ya zambarau mnanielewa. Kisha nikatafuta studio ndogo ya kuchapa, nikachapisha ile picha ya mlango, saizi ya kadi ya posta.

Na sasa ndiyo nafika kwenye jambo lililobeba kichwa cha mazungumzo haya. Saa 9:10 niko kichochoroni tena. Mzee amesharudi barazani kwake. Adhana ya alasiri ikaita. Akaniambia, "Simama pale kwenye jua, utizame kivuli chako." Nikasimama. "Kina urefu gani?" Nikakitazama. Kimelala barabarani, urefu sawa na mimi. "Ndiyo alasiri hiyo," akasema.

Wale Waislamu humu mnajua. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na watu wengi wa pwani, wakati wa alasiri unaingia kivuli cha kitu kinapolingana na kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Siku ile adhuhuri hapakuwa na kivuli, kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: kivuli kwa kimo. Digrii 45. Kumbe muadhini alikuwa ananiambia pembe ya mwanga kwa kipaza sauti, na mimi mji mzima nimezunguka na programu ya simu inayokula betri.

Jua la digrii 45 linafanya nini kwenye kichochoro? Linapiga sehemu ya juu ya ukuta wa mkabala, ule mweupe wa chokaa, halafu ukuta ule unaumwaga mwanga kwa mzee aliyekaa kivulini. Mwanga mpana, laini, unaotoka mbele na juu kidogo. Sisi wa studio tunalipa hela nyingi kununua kitambaa cheupe na mataa ili tupate mwanga huo. Kule ni ukuta wa jirani.

Nikampa ile picha ya mlango. Aliishika kwa ncha za vidole viwili, akaipeleka mbali, akaileta karibu. Hakusema nzuri, hakusema mbaya. Akaweka ukucha chini ya mwimo wa kushoto: "Huu msumari niliupiga mimi." Nikaangalia. Misumari yote ya mlango ule ina vichwa vya shaba vya mviringo, na huo mmoja ni msumari wa bati la paa. Nimepiga mlango ule zaidi ya mara 30, sikuuona. "Fundi wa shaba alitaka pesa nyingi," akasema, "na mvua yaja."

Kisha akaniambia wageni hupiga picha kila siku mtaani kwao, na wao picha hawazioni. Hakulalamika, alisema kama mtu anayesema hali ya hewa. Asubuhi sikuwa nimemwomba nimpige picha, na sasa nako sikuomba. Alirekebisha kofia mwenyewe, akaweka mikono juu ya mkongojo, akasema, "Haya."

Kwa mafundi: kanzu nyeupe, ukuta mweupe, uso wa Mswahili. Kamera ikiona weupe mwingi hivyo inadhani pana mwanga kupita kiasi, inafunga, na uso unatoka kama mkaa. Ongeza mwanga hatua moja, hata moja na nusu, uache kanzu ijitetee. Nilipiga picha 5. Ya tatu ndiyo niliyobaki nayo. Ana mkongojo, ana ile kadi ya mlango kwenye mfuko wa kifua, pembe yake imechungulia. Nakala yake ilimfikia Ijumaa. Nilitoroka shughuli za familia nusu saa, na mjomba mpaka leo anajua nilikwenda kununua vocha.

Jioni nilirudi Mama Ngina, kamera safari hii imekaa na joto lake. Msitegemee kupiga jua likizama baharini kule. Mombasa inatazama mashariki, jua linatoka majini na kuzamia bara. Wanaolipata baharini ni watu wa Mji Mkongwe Unguja, ambao ufukwe wao wa Forodhani unatazama magharibi. Hilo si hasara. Ukiipa magharibi mgongo, mwanga wote wa dakika 24 unakuja nyuma yako na kuwaangukia watu: watoto wenye midomo myekundu ya mabuyu, muuza mihogo anayepepea mkaa, meli ya makontena inayoingia polepole kama ghorofa iliyoamua kuhama. Nilipata picha 3 nzuri. Yule mvuvi wa asubuhi aliyenyoosha mgongo sikumpata. Bado namfikiria.

Siku nzima nilipiga picha 412. Tisa nilizoleta, tano kati yake zinatoka kichochoro kimoja nilichokwenda mara tatu. Ngome imetoa moja. Pembe za ndovu ziko kwa mama.

Fundi ananiashiria projekta imekufa kabisa. Sawa. Nilisema hesabu ya 15 haikai vilevile kila mahali, na hapa kwetu ina kasoro mbili. Dodoma iko magharibi ya Mombasa kwa karibu digrii 4, kwa hiyo jua linatufikia kama dakika 15 baada yao. Na sasa ni mwisho wa Oktoba, jua limesogea kusini, halipiti tena utosini kabisa. Kwa hesabu yangu, leo jua litafika digrii 45 saa 9:20 au jirani na hapo. Saa yangu inasema 9:10.

Tutoke nje. Kamera msizisahau, na zile simu zimo. Ule ukuta mweupe wa choo cha shule, msiucheke, ndio studio yetu ya leo. Tunahitaji kitu kilichosimama wima katikati ya uwanja ili tupime kivuli, na ufito sijaja nao. Mwenyekiti, naomba uvue kofia utangulie.